Akidi ya Bakteria: Mawasiliano ya Vijidudu, Dawa Mpya na Mzigo wa Istilahi

1.0 Utangulizi

Maziwa yanayomiminwa jioni katika kibuyu, kama ifanyikavyo katika kaya za wafugaji wa Mwankoko na sehemu nyingine zinazouzunguka mji wa Singida, huonekana kwa saa nyingi kana kwamba hakuna linalotendeka ndani yake. Bakteria waliomo huongezeka kwa kugawanyika, mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, na tindikali wanayoitoa hulimbikana mpaka maziwa yakaganda. Hilo hulijua kila agandishaye maziwa, hata kama halipi jina. Lisilojulikana sana ni jambo la pili. Miongoni mwa bakteria wa maziwa yumo Lactococcus lactis, ambaye baadhi ya aina zake hutengeneza nisini, protini ndogo inayowaangamiza bakteria wengine na ambayo viwandani hutumika kuhifadhia vyakula. Nisini ni silaha, na papo hapo ni ishara. Ikilimbikana nje ya seli hadi kiwango fulani, huzigusa seli zilezile zilizoitoa na kuzichochea zitoe nisini zaidi. Bakteria aliye peke yake hajitaabishi kiasi hicho. Walio wengi hujihami kwa pamoja.

Makala haya yanaeleza namna bakteria wanavyowasiliana, na maana ya jambo hilo katika utafutaji wa dawa mpya. Kwa kuwa wasomaji wake ni wanataaluma wa Kiswahili, yanakwenda hatua moja zaidi na kuyahoji maneno ambayo kwayo elimu hiyo humfikia mtu wa kawaida. Sababu yake si kuipamba lugha. Mgonjwa wa Mwankoko anayesimama mbele ya dirisha la zahanati, au katika duka la dawa muhimu, hupewa maelezo yake kwa Kiswahili, na kwa baadhi ya wazee maelezo hayo hupitia Kinyaturu kabla hayajaeleweka. Neno likipotosha, dozi nayo hupotoka.

2.0 Kutoka kwa Ngisi hadi kwa Akidi

Kwa muda mrefu wanabiolojia waliamini kwamba bakteria ni kiumbe mpweke: hula, hukua, hugawanyika, wala hana habari na jirani yake. Dalili za kwanza za kinyume chake zilionekana mwaka 1965, Alexander Tomasz alipoonyesha kwamba bakteria wa nimonia hutoa kemikali inayowafanya wenzao wawe tayari kupokea jeni kutoka nje. Miaka mitano baadaye, Kenneth Nealson, Terry Platt na J. Woodland Hastings walichapisha utafiti wao kuhusu bakteria wa baharini anayeitwa Vibrio fischeri. Bakteria huyu hutoa mwanga, lakini hautoi wakati wote. Akipandwa katika chombo cha maabara hukaa gizani kwa saa kadhaa huku idadi ikipanda. Kisha, idadi ifikapo kiwango fulani, chombo kizima huwaka.

Bakteria huyo huishi pia ndani ya ngisi mdogo wa bahari ya Hawaii, Euprymna scolopes, katika kiungo maalumu cha mwanga. Usiku ngisi hutumia mwanga huo kuficha kivuli chake mbele ya maadui walio chini yake, na kila alfajiri huwatapika nje sehemu kubwa ya wapangaji wake. Wachache wanaosalia hurudi gizani, wakaongezeka mchana kutwa, na jioni wakawaka tena. Baharini, bakteria huyohuyo akielea peke yake hawaki, kwa kuwa mwanga ni gharama na mwanga wa mmoja hauonwi na yeyote.

Utaratibu wenyewe ulifichuliwa kidogokidogo. Mwaka 1981 molekuli ya ishara ilitambuliwa muundo wake, na mwaka 1983 jeni zinazohusika zilipatikana. Kila bakteria ana kimeng'enya kinachotengeneza ishara hiyo, na ana protini inayoweza kuishika. Ishara hupenya ukuta wa seli na kutoka nje. Bakteria wakiwa wachache, ishara hupotelea katika maji. Wakiwa wengi katika nafasi ndogo, hulimbikana, ikarudi ndani ya seli na kushikwa na protini yake. Hapo protini hiyo huziwasha jeni za mwanga, na pamoja nazo jeni ya kutengeneza ishara yenyewe, ndiyo maana mambo yakianza huenda kwa kasi. Hakuna anayehesabu wala anayeamuru. Wingi wa ishara ndio hesabu.

Mwaka 1994 wanasayansi Clay Fuqua, Stephen Winans na E. Peter Greenberg waliupa utaratibu huu jina la Kiingereza linaloazima neno la mikutano, yaani idadi ya wajumbe ambayo isipopatikana kikao hakiwezi kuamua. Kiswahili kina neno hilo tayari: akidi. Si neno la vitabuni tu. Katika mikutano ya hadhara na vikao vya kata, Mwankoko kama kwingineko nchini, watu wasiojua neno hata moja la mikrobiolojia husema “akidi haijatimia” wakaahirisha shughuli. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1990, kabla istilahi ya Kiingereza haijabuniwa, na kwa hiyo haiwezi kulaumiwa kwa kutokuwa nayo.

Tafsiri inayojileta yenyewe ni “utambuzi wa akidi”. Si mbaya, lakini “utambuzi” hudai akili inayotambua. Usemi wa mikutanoni ni sahihi zaidi kuliko ule wa wataalamu: akidi hutimia. Kitenzi hicho hakihitaji mtendaji. Hali imefika, basi. “Kutimia kwa akidi” ndiko hasa kunakotokea katika kiungo cha ngisi, na hapa Kiswahili kimesema kweli kwa usahihi ambao Kiingereza, kwa neno lake la kuhisi, hakikuufikia.

3.0 Mawasiliano Bila Lugha

Tangu miaka ya 1990 magazeti ya sayansi yamependa kusema kwamba bakteria “wanazungumza”. Bonnie Bassler wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliyeonyesha pamoja na wenzake kwamba iko ishara inayotumiwa na bakteria wa spishi nyingi tofauti, na ambayo muundo wake uliochapishwa mwaka 2002 ulionekana kuwa na elementi ya boroni, amewahi kutumia mifano ya lugha mara nyingi anapowaeleza umma. Kwa mhadhara wa umma mfano huo unafaa. Kwa mwanaisimu unahitaji kupimwa.

Charles Hockett, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1960, alitaja sifa 13 zinazoipambanua lugha ya binadamu na mifumo mingine ya mawasiliano. Baadhi yake bakteria wanazo kwa namna fulani. Uhusiano wa molekuli na mwanga, kwa mfano, ni wa nasibu: hakuna chochote katika umbo la molekuli kinachofanana na mwanga, na bakteria mwingine hutumia molekuli ya jamii hiyohiyo kuanzishia ugonjwa. Lakini bakteria hawezi kutoa ishara ya jambo la jana au la mahali pengine. Hawezi kuunganisha ishara mbili zisizo na maana akapata ya tatu yenye maana, jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu hulifanya kila anapotamka neno. Wala hajifunzi ishara zake kwa wazee wake. Amezirithi katika jeni.

Mfano mmoja wenye kushawishi upotofu ni wa Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na wa vidonda vilivyooza. Ishara yake ni peptidi fupi, na spishi hii imegawanyika katika makundi manne yenye peptidi zinazotofautiana. Ilionyeshwa mwaka 1997 kwamba ishara ya kundi moja aghalabu huzuia mfumo wa kundi jingine. Mtu angetamani kuyaita makundi hayo lahaja. Lakini Mmvita akisikika Unguja hamfanyi Muunguja awe bubu.

Neno linalofaa, basi, si lugha bali mawasiliano, na mofolojia yake inastahili kuangaliwa. Mzizi ni wasili, kufika. Kiambishi -an- huleta utendano. Kuwasiliana ni kufikiana. Neno halidai maana, nia wala usemi. Linadai tu kwamba kitu kutoka kwa huyu kimemfika yule, na cha yule kimemfika huyu. Molekuli ya bakteria hufanya hivyo hasa.

4.0 Neno la Kuua na Neno la Usugu

Istilahi ya Kiswahili ya dawa zilizofuatia ugunduzi wa penisilini wa Alexander Fleming mwaka 1928 ni kiuavijasumu. Ni neno lililoundwa kwa ustadi: ki- ya chombo, kitenzi ua, na vijasumu, vidudu vidogo vya sumu. Hata hivyo limebeba mambo mawili yasiyo kweli. Bakteria wengi si sumu, kama kibuyu cha maziwa kinavyoshuhudia. Na dawa kadhaa za kundi hili, tetrasaiklini ikiwamo, kwa kawaida haziui bakteria bali huwazuia wasikue, ili kinga ya mwili imalize kazi. Kasoro hizo zingeweza kuvumiliwa kama jina lingekuwa jina tu. Tatizo ni kwamba jina hufundisha. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba dawa huua, na siku ya tatu akajiona mzima, ana haki ya kudhani kwamba adui amekwisha kufa, na kuviweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya jirani.

Neno la pili ni usugu. Sugu, kwa maana yake ya asili, ni ngozi iliyokauka na kuwa ngumu kwa kusuguliwa sana, kama ile ya kiganja cha mkulima. Kutokana nayo huja mhalifu sugu na ugonjwa sugu. Taswira ni ya mwili uliozoea hata ukaacha kuhisi. Kwa hiyo msikilizaji anapoambiwa “usugu wa dawa”, ni rahisi aelewe kwamba ni mwili wa mgonjwa ulioota sugu. Kosa hilo si la Waswahili peke yao: Shirika la Afya Duniani lilipowahoji watu wa nchi 12 na kutoa matokeo yake mwaka 2015, asilimia 76 walidhani kwamba usugu hutokea pale mwili unapoizoea dawa. Lakini Kiswahili hulikoleza kosa hilo kwa sarufi yake pia, kwa sababu -a ya uhusiano haisemi ni nani aliye sugu. Je, ni dawa, ni mwili, au ni mdudu? “Usugu wa bakteria dhidi ya dawa” ni kirefu zaidi, na kina thamani ya urefu wake. Anayeelewa kwamba walio sugu ni bakteria huelewa pia kwamba wanaweza kutoka kwake wakamwambukiza mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge.

Uzito wa jambo hili nchini unajulikana. Utafiti uliofanywa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 miongoni mwa watoto zaidi ya 1,600 waliolazwa, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na maambukizi ya damu ya bakteria wa kundi la Gram hasi walikufa kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha waliolazwa kwa malaria, na kwamba usugu wa bakteria ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyotabiri kifo. Karibu zaidi na Singida, wilayani Kongwa katika mkoa wa Dodoma, dawa ya azithromaisini iligawiwa kwa jamii nzima ili kutokomeza vikope, ugonjwa ambao umewapofusha watu wengi wa Tanzania ya kati. Mpango huo ulikuwa na manufaa makubwa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliona kwamba bakteria wa nimonia waliosugu azithromaisini waliongezeka katika pua za watoto wa huko baada ya ugawaji. Tanzania ilitoa mpango kazi wake wa kwanza wa kitaifa wa kukabiliana na usugu mwaka 2017, na ukafuatwa na wa pili kuanzia mwaka 2023. Kwa dunia nzima, hesabu zilizochapishwa mwaka 2022 zilikadiria kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 mwaka 2019.

5.0 Kuzima Ishara

Hapo ndipo mawasiliano ya bakteria yanapoingia katika hadithi ya dawa. Dawa inayoua huwaacha hai wale wachache wasiouawa, na hao ndio wanaozaa. Je, ikiwapo dawa isiyoua, bali inayowafanya bakteria wasijue kamwe kwamba wametosha? Pseudomonas aeruginosa, adui wa vidonda vya moto na wa wagonjwa mahututi, hutoa nyingi ya sumu zake baada ya akidi kutimia, na mfumo huohuo husaidia kujenga utando mnene wa ute ambamo bakteria hujificha. Utando wa namna hiyo si kitu kigeni: ukoga unaosuguliwa kwa mswaki kila asubuhi ni huo, na utelezi ulio ndani ya mabomba ya maji ni huo. Bakteria waliomo ndani ya utando huweza kuvumilia dawa kwa kiwango kikubwa mno kuliko wale wanaoelea. Ikiwa ishara itazimwa mapema, mdudu atabaki mtawanyiko usio na silaha, na kinga ya mwili itammudu.

Asili imekwisha kutangulia. Mwani mwekundu wa pwani ya Australia, Delisea pulchra, ambaye ni wa kundi pana moja na mwani unaolimwa Zanzibar, hubaki safi baharini wakati viumbe vingine hufunikwa na utando. Katika miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba hutoa kemikali za furanoni zinazofanana na ishara za bakteria na kuvuruga upokezi wake. Mwaka 2001 watafiti wa Singapore walieleza namna kimeng'enya cha bakteria wa kundi la Bacillus, kinachoivunja ishara yenyewe, kilivyopandikizwa katika tumbaku na viazi, na mimea hiyo ikastahimili bakteria wa kuoza. Asali nayo, ambayo mkoa wa Singida unasifika kwayo na ambayo wengi huipaka juu ya vidonda, imeonekana katika maabara kadhaa za nje kupunguza utando na ishara za baadhi ya bakteria, hata ikiwa imezimuliwa kiasi cha kutoweza kuwaua. Matokeo hayo ni ya maabara, na hayampi mtu ruhusa ya kuliacha jeraha la moto bila ya kwenda hospitali.

Kwa binadamu njia imekuwa ngumu kuliko ilivyotarajiwa. Furanoni zilizofanya vizuri katika maabara ni sumu na hazidumu. Azithromaisini, dawa ileile ya vikope, hudhoofisha mfumo wa akidi wa Pseudomonas kwa kiasi kisichoua, na kwa hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2010 ilitoa fundisho lisilotazamiwa. Kwa wagonjwa wasiopewa dawa hiyo, bakteria wazembe walijitokeza na kuongezeka, yaani wale waliopoteza uwezo wa kuitika ishara na wakawa wanakula matunda ya kazi ya wenzao bila kuchangia. Dawa ilipozima mfumo, mzembe alipoteza faida yake, na wale wachapakazi wenye uwezo wa kudhuru wakabaki wengi. Aidha, mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba Pseudomonas anaweza kuwa sugu hata dhidi ya furanoni, kwa kuisukuma nje ya seli. Dhana ya kwamba dawa isiyoua haizai usugu ilikuwa na matumaini mengi kuliko ushahidi. Hadi sasa hakuna dawa ya kuzima ishara iliyoidhinishwa kwa matibabu ya kawaida ya binadamu.

Ugumu mwingine ni kwamba kunyamazisha si jambo moja kwa bakteria wote. Staphylococcus aureus aliyezimwa ishara hupunguza sumu, lakini huelekea kushikamana katika utando, akabaki mwilini kwa muda mrefu. Kwa bakteria wa kipindupindu mambo yamepinduka kabisa. Vibrio cholerae huanza mashambulizi akiwa mchache: hushika ukuta wa utumbo, hujenga utando na kutoa sumu. Akidi ikitimia, huzima sumu, huachia ukuta na kutoka na kinyesi kwenda kutafuta mwenyeji mwingine. Anayejua namna mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulivyoenea mikoani na hadi Zanzibar anaelewa faida ya mwendo huo kwa mdudu. Kumnyamazisha Vibrio wa namna hiyo kungekuwa kumsaidia. Inayofaa ni kinyume chake, kumtangazia akidi mapema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walifanya hivyo mwaka 2010: walimpandikizia bakteria wa tumboni asiye na madhara jeni ya kutoa ishara ya kipindupindu, wakawapa vitoto vya panya, na wengi zaidi kati ya vitoto hivyo wakaokoka. Ni kana kwamba mtu mmoja aliingia katika ukumbi mtupu na kusaini mahudhurio ya watu mia.

Dawa hizo zikifika siku moja katika duka la dawa muhimu la Mwankoko, kiuavijasumu hakitakuwa jina lake. Kwa zile zinazovuruga ishara, Kiswahili kina njia iliyokwisha kuzoeleka, ya kuunganisha kitenzi na jina kama katika zimamoto, na “kizimaishara” litaeleweka bila ya kufafanuliwa. Kwa dawa ya mfano wa ile ya kipindupindu, isiyozima bali inayoongeza, neno hilo litakuwa uongo. Hiyo itafaa iitwe “kitimizaakidi”, hata kama ulimi utahitaji muda kulizoea, na maelezo ya dirishani hayatakuwa “meza mpaka wadudu wafe” bali “meza siku zote ulizoandikiwa, wadudu watakuwapo, ila hawatafanya kazi yao”. Sentensi hiyo ya pili ni ngumu zaidi kusema na kusadikiwa, hasa na mzazi aliyembeba mtoto mwenye homa, na kamati za istilahi zinaweza kuanza kuifanyia kazi kabla dawa yenyewe haijawa tayari.